Je, Ukarimu Waweza Kulipa Deni la Haki?

Miongoni mwa maswali yanayomhusu kila mwanadamu, awe tajiri au maskini, ni hili: mtu akiwatendea wema watu wa nje, je, wema huo waweza kufuta ubaya alioutenda ndani ya nyumba yake? Wengi wetu hujibu upesi kwamba haiwezekani. Lakini tunapomwona mtu aliyechimba kisima au aliyejenga shule, ulimi wetu huwa mzito kuuliza habari za mkewe, za watumishi wake na za wale wanaomdai. Basi jibu tulitoalo kwa mdomo silo tulitoalo kwa matendo.

Ndugu msomaji, ili tulipime swali hili kwa mizani iliyo sawa, yafaa tuchukue mfano wa watu waliokwisha pita zamani, ambao hatuna urafiki nao wala uadui, wala hatutarajii zawadi kutoka kwao. Mfano huo ni wa jamaa moja ya Kigiriki iliyokaa Athens wakati Wagiriki walipokuwa chini ya utawala wa Kirumi. Mtu wake aliyejulikana zaidi ni Herodes Atticus, aliyezaliwa Marathon karibu na mwaka 101 baada ya Kristo, akafariki karibu na mwaka 177. Huyu siye Herode anayetajwa katika Injili, bali ni mtu mwingine kabisa. Habari zake nyingi tumeachiwa na Philostratus, mwandishi wa Kigiriki wa karne ya tatu aliyeandika maisha ya wasemaji mashuhuri. Nyingine zimechongwa katika mawe ambayo yangalipo.

Mali ya jamaa hii

Babu yake, Hipparchus, alikuwa tajiri mkubwa. Alishitakiwa kwamba anataka kujifanya mtawala wa mabavu, na mali yake ikachukuliwa na serikali. Baadaye mwanawe, aliyeitwa Atticus, akagundua hazina kubwa katika nyumba aliyokuwa nayo karibu na uwanda wa michezo ya kuigiza wa Athens. Hakuthubutu kuigusa. Alimwandikia Kaisari Nerva, aliyetawala tangu mwaka 96 hadi 98, kumuuliza afanye nini. Kaisari akamruhusu aitumie. Atticus akaandika tena kwamba mali ile inapita kiasi cha mtu kama yeye, naye Kaisari akamjibu kwamba hata akipenda kuitumia vibaya, basi ni yake. Wako wanaodhani kwamba hazina ile ilikuwa ni mali ya Hipparchus iliyofichwa ili isinyang'anywe. Iwe ni hivyo au sivyo, twaona kwamba tajiri wa zama zile alilala akimwogopa Kaisari, na aliamka akiogopwa na watu wa mji wake.

Kwani Roma haikutawala miji ya Kigiriki kwa askari peke yao. Iliwategemea matajiri wa mahali pale pale. Wao walipewa vyeo, nao wakatazamiwa kujenga mabarabara, mifereji ya maji, mahekalu na viwanja vya michezo. Mwananchi wa kawaida alizoea kungoja maji, mafuta na sherehe kutoka mkononi mwa tajiri. Hapo ukarimu haukuwa wema tu, bali ulikuwa pia ni mamlaka. Ni vigumu kumshitaki mtu ambaye unakunywa maji yake.

Herodes alipanda juu kuliko wote waliomtangulia katika jamaa yake. Alikuwa mwalimu wa ufasaha wa Marcus Aurelius na Lucius Verus, vijana wawili waliokuja kuwa Makaisari. Mwaka 143 alipewa cheo cha ukonsuli katika mji wa Roma, jambo ambalo Wagiriki wachache sana walikuwa wamelipata.

Mkono uliokuwa wazi

Yatupasa kwanza tumpe haki yake. Herodes alikuwa akifundisha kwamba mali hutumika vyema pale tu mtu anapowapa wenye shida ili watoke katika shida, na wasio na shida ili wasije wakaingia humo. Mali iliyofungiwa sandukuni aliiona kuwa ni mali iliyokufa. Hayakuwa maneno matupu. Alipokuwa msimamizi wa miji huru ya Asia, aliona kwamba mji wa Alexandria Troas, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, hauna maji mazuri. Akamwomba Kaisari Hadrian drakma milioni 3 za kujengea mfereji, naye akapewa. Gharama ilipofika milioni 7, maofisa wa serikali walinung'unika kwamba kodi ya miji 500 inamalizwa kwa maji ya mji mmoja. Ndipo baba yake Atticus akajitolea kulipa yote yaliyozidi zile milioni 3.

Mjini Athens aliahidi kujenga uwanja wa michezo wa marumaru nyeupe, na katika muda wa miaka minne akautimiza. Uwanja huo ulikarabatiwa, na mwaka 1896 ndipo ilipofanyika Michezo ya Olimpiki ya kwanza ya zama zetu. Huko Delphi aliwajengea watazamaji mabaraza ya mawe. Olympia, ambako makundi ya watu yalikuwa yakiteswa na kiu wakati wa michezo, alileta maji na kujenga chemchemi kubwa. Na chini ya ngome ya kale ya Athens alijenga ukumbi wa muziki wa kuchukua watu wapatao 5,000, uliokuwa na paa la mbao za mwerezi. Kuta zake zimesimama hata sasa.

Wahenga wetu wamesema: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Nani atasema kwamba huyu hakuwa na moyo wa kutoa? Lakini wahenga hao hao wamesema pia: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Basi na tuingie.

Ndani ya nyumba

Jambo la kwanza ni wasia wa baba yake. Atticus aliusia kwamba kila raia wa Athens apewe kila mwaka mina moja, yaani drakma 100, kutoka katika mali yake. Philostratus aeleza kwamba wasia ule uliandikwa kwa shauri la watumwa walioachwa huru na Atticus. Hawa walitafuta hifadhi kwa watu wa Athens, kwani waliujua ukali wa Herodes kwa watumwa na waachwa huru. Baba alipofariki, Herodes alipatana na raia kwamba awape mina 5 kwa mara moja, kisha wasimdai tena. Wakakubali. Lakini walipokwenda kuchukua fedha zao, walisomewa hati za madeni ambayo baba zao na babu zao walikuwa wakidaiwa na jamaa ya Herodes. Madeni yakakatwa pale pale. Baadhi yao walipata kidogo, baadhi hawakupata kitu, na wengine walizuiliwa kwa kuwa wao ndio waliokuwa bado wanadaiwa. Uwanja wa marumaru ulipokamilika, watu walisema kwa uchungu kwamba kweli unastahili kuitwa uwanja wa Waathens wote, maana umejengwa kwa fedha ambazo Waathens wote walinyimwa.

Jambo la pili ni habari ya mkewe. Jina lake lilikuwa Regilla, binti wa ukoo mkubwa wa Roma. Aliolewa angali msichana mdogo, na mumewe alikuwa akikaribia miaka 40. Walizaa watoto kadhaa, na wengi wao walikufa mapema. Karibu na mwaka 160, Regilla akiwa na mimba ya miezi minane, alipigwa tumboni, akafa. Ndugu yake, Bradua, alimshitaki shemeji yake mjini Roma kwamba ndiye aliyemwamuru mwachwa huru wake aitwaye Alcimedon ampige, na kwamba sababu yenyewe ilikuwa jambo dogo tu. Yasemekana kwamba Bradua hakuwa na ushahidi wa kutosha, bali alitumia muda mwingi kuusifu ukoo wake. Herodes akaachiliwa.

Akaomboleza sana. Aliifanya nyumba yake kuwa nyeusi, akiondoa mapambo ya rangi na kuweka marumaru ya giza. Akajenga ule ukumbi wa muziki kwa ukumbusho wa mkewe. Mwanafalsafa mmoja, Lucius, alijaribu kumtuliza, asisikilizwe. Siku moja Lucius aliwaona watumwa wakiosha figili za chakula cha Herodes, akawaambia kwa dhihaka kwamba bwana wao anamkosea marehemu kwa kula figili nyeupe katika nyumba nyeusi.

Jambo la tatu ni watoto. Mwanawe, aliyeitwa pia Bradua kama mjomba wake, alikuwa mzito wa kujifunza herufi. Herodes akaleta watoto 24 wa rika lake, kila mmoja akapewa jina la herufi moja ya Kigiriki, ili mtoto ashike herufi kwa kuwaita wenzake. Twaambiwa kwamba mtoto huyu alimchukiza baba yake hata ukubwani, na kwamba Herodes alimwachia mali ya mama yake, lakini yake mwenyewe akawarithisha watu wengine. Kuhusu wale 24, ambao majina yao yalibadilishwa kwa faida ya mtoto wa tajiri, hatuambiwi walikuwa wana wa nani wala mwisho wao ulikuwaje.

Na bado moyo wa mtu huyu haukuwa jiwe. Aliwalea vijana watatu, Achilles, Polydeuces na Memnon, na huyo Memnon alikuwa mtu mweusi wa asili ya Afrika. Walipokufa aliwalilia kama wanawe. Akazisimamisha sanamu zao mashambani na penye chemchemi, na juu ya mawe akachonga laana kwa yeyote atakayezivunja au kuzihamisha. Kichwa cha marumaru cha kijana mweusi, kilichopatikana katika shamba lake kusini ya Ugiriki, kimehifadhiwa Berlin, na wataalamu wamemtambua kuwa ndiye Memnon. Basi tusimfanye Herodes kuwa shetani. Alikuwa mtu kama sisi, apendaye na adhulumuye kwa moyo ule ule mmoja. Kwa sababu hiyo mfano wake unatufaa.

Hoja ya ukumbi

Sasa tufike kwenye kiini cha maneno yetu. Philostratus, anapomtetea Herodes juu ya kifo cha Regilla, atoa hoja hii: lau angekuwa na hatia, asingalimjengea mkewe ukumbi mzuri kama ule, wala asingaliahirisha kwa ajili yake kugombea ukonsuli mara ya pili. Yaani, zawadi inageuzwa kuwa shahidi. Hoja hii ina miaka karibu 1,800, lakini kila mtu ameisikia mtaani kwake: mtu mkarimu namna ile hawezi kuwa ametenda jambo hilo!

Sisi hatusemi kwamba Herodes alimwua mkewe. Baraza la hukumu lilimwachilia, na hatuna ushahidi wa kupinga. Lakini liko jambo moja ambalo halihitaji hakimu. Alcimedon, mtu aliyetajwa kuwa ndiye aliyempiga Regilla, hakufukuzwa. Zaidi ya miaka kumi baadaye, watu wa Athens walipomshitaki Herodes kwa udhalimu mbele ya Kaisari Marcus Aurelius mjini Sirmium, Alcimedon alikuwa bado pamoja naye safarini. Mabinti zake wawili mapacha walikuwa wakimhudumia Herodes, naye aliwapenda kama watoto wake. Radi iliwapiga wakafa huko huko, na Herodes akashikwa na huzuni hata akamwambia Kaisari maneno makali yasiyofaa. Marcus alistahimili. Waachwa huru wa Herodes aliwapa adhabu nyepesi, ila Alcimedon alimsamehe, akisema msiba wa kufiwa na watoto wamtosha.

Ukumbi wa muziki, chumba cheusi, sanamu na nyimbo: vyote hivi Regilla alipewa. Kitu kimoja tu hakupewa, nacho ni kile alichokuwa akidai kwa haki, yaani kwamba mtu aliyenyoshewa kidole kwa kifo chake asiendelee kula katika nyumba yake.

Hapa yadhihirika tofauti kati ya zawadi na deni. Kwanza, deni lina mwenyewe. Nikiwa nadaiwa na Juma, siwezi kumlipa Hamisi, hata nikimpa mara kumi zaidi. Pili, zawadi huchaguliwa na mtoaji, lakini deni huchaguliwa na haki. Tatu, na hili ndilo kubwa, anayepokea zawadi hushukuru, bali anayelipwa deni hana sababu ya kushukuru. Amepata kilicho chake, naye asimama sawa na aliyemlipa.

Ndiyo maana nafsi hupenda kutoa kuliko kulipa. Kulipa humshusha mtu hata awe sawa na mwenzake. Kutoa humpandisha juu yake. Chini ya wasia wa baba yake, kila Mwathens alikuwa na haki ya mina moja kila mwaka, haki ambayo angeidai bila kumpigia mtu magoti. Herodes aliivunja haki hiyo, kisha akawarudishia watu uwanja wa marumaru. Haki ikageuka kuwa fadhila. Wale wale waliopaswa kudai wakawa ndio wanaopaswa kusifu. Hii ndiyo dhuluma iliyo nyembamba kuliko zote, maana huvaa nguo ya wema.

Majibu ya maswali machache

Huenda mtu akauliza: Je, basi maji ya Olympia hayakuwa mema? Jibu ni kwamba yalikuwa mema, na kila aliyeikata kiu yake pale alipata faida ya kweli. Hatuwezi kumnyima mtu sifa ya wema wake kwa sababu ya ubaya wake. Lakini daftari ni mbili, na jumla ya moja haihamishwi kwenye nyingine.

Mwingine atasema: Zama zile watu wote walikuwa hivyo, tusiwahukumu kwa mizani ya leo. Lakini mizani hii si ya leo. Ndugu yake Regilla ndiye aliyeshitaki. Watu wa Athens ndio waliolalamika. Lucius, aliyekuwa rafiki, ndiye aliyeuona uongo uliokuwamo katika maombolezo yale. Na Marcus Aurelius, katika kitabu chake mashuhuri, anawataja kwa shukrani watu wengi waliomlea na kumfundisha, lakini Herodes hayumo. Watu wa zama zake walijua vyema. Waliokuwa na la kusema ni wengi. Walioweza kusikilizwa ni wachache.

Wa tatu atasema: Je, machozi yake si dalili ya mapenzi? Huenda ni dalili. Lakini majuto ya kweli hujulikana kwa jambo moja: hurudisha. Kilio kisichorudisha kitu ni kilio cha mtu anayejihurumia mwenyewe.

Fundisho letu

Ndugu msomaji, huenda wewe huna marumaru wala hazina, ukaona kwamba habari hii ni ya matajiri. La, hasha. Kila mmoja wetu ana watu walio chini ya mkono wake. Yuko atoaye mchango mkubwa hadharani, na mtumishi wake wa nyumbani hajalipwa mshahara wa miezi mitatu. Yuko awakirimuye wageni mpaka wakamsifu mji mzima, na mkewe haruhusiwi kununua kanga bila matusi. Yuko alishaye mayatima wa mbali, na shamba la yatima wa marehemu ndugu yake analilima yeye. Hao wote wamejenga ukumbi, kila mmoja kwa kadiri ya uwezo wake. Yatupasa tuanze kulipa kabla ya kutoa, na tuanze na wale wasioweza kutushitaki.

Pia sisi tunaopokea tunalo fungu letu. Herodes alipofariki, akiwa na umri wa miaka ipatayo 76, aliagiza azikwe Marathon alikozaliwa. Vijana wa Athens wakaenda kuuchukua mwili wake, wakaubeba mpaka mjini, wakauzika kwa heshima katika uwanja wa marumaru, na watu wa kila rika wakaja kumlilia. Wengi wa waliolia walikuwa wana na wajukuu wa wale waliosomewa hati za madeni. Sisemi kwamba walikosea kumzika vizuri, kwani maiti hustahiki heshima. Lakini mtu akikupa maji, mshukuru kwa maji. Usimpe pamoja na shukrani hiyo ushahidi wako juu ya jambo usilolijua, wala kimya chako juu ya jambo unalolijua.

Mawe ya Herodes yamedumu, nayo yanawapendeza wanaoyatazama. Lakini mina za Waathens hazikulipwa, majina ya watoto 24 hayakurudishwa, na Regilla hakupata mtu wa kumtetea ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mwenyezi Mungu, ajuaye yaliyo nyuma ya milango, atujalie tuwe watu wa kutoa, na kabla ya hapo tuwe watu wa kulipa.